Timu ya Marehemu Imenenepa

Newala, 28 Aprili 2024

Kwa shemeji na mtani wangu Optatus, fundi redio, Masasi.

Salamu zitangulie. Kwa niaba ya familia ya marehemu Dauda, ninasikitika kukutangazia rasmi kwamba timu nzima ya Wapole FC imenenepa. Wamenenepa wachezaji wote kumi na moja. Golikipa amejaa langoni mpaka unajiuliza mabao yanapita wapi, na refa, ambaye kazi yake inataka wembamba, anatembea kama mjumbe aliyetoka harusini. Mpira wenyewe umekuwa yai. Habari hizi zimfikie mkeo Selestina na wote wanaohusika.

Sisi hatujambo. Anifa anaendelea na shule, Mama mkwe kifua kimepungua, na mimi ni mtu wa eda, kazi yangu kutazama ukuta. Sasa ukuta umewekewa TV. Ile ya zamani yenye chogo mgongoni aliyoiacha Dauda ilikufa katikati ya Ramadhani, ikatoa moshi kidogo kama mtu anayeaga kwa adabu. Kaka yangu Awadhi akatuletea flati kutoka Mtwara, nyembamba kama chapati. Tumechomeka mashine ya gemu ya marehemu kwa waya wake uleule wa njano, na hapo ndipo unene ulipoanza. Juu ya unene kuna ukungu. Newala tuna ukungu wa kutosha nje, hatukuagiza wa ndani.

Mtani, nacheka, ila jambo lenyewe ni hili. Unaikumbuka ile ligi yake. Aliianza mwezi wa kumi na moja, na kila aliyepita hapa aliambiwa kwamba Wapole hawajafungwa. Alilisema hata asubuhi ile ya Jumamosi, kabla kifua hakijambana. Zimebaki mechi chache. Anifa anataka kummalizia baba yake, lakini haigusi ligi mpaka auone mpira vizuri. Anacheza za kirafiki tu. Ameniambia, "Mama, nikifungwa kwa sababu sioni, nitamwambia nini Baba?" Ana miaka kumi na miwili.

Wewe uliyeiteka mashine hii siku ya mazishi, kwa utani wenu wa Kimakua, ukakaa nayo siku mbili mpaka tukakupa jogoo, unaifahamu kuliko sisi. Tuelekeze. Ila andika, usipige. Maneno ya simu yakishasikika yamekwenda, na mambo ya nyaya yanataka kusomwa mara mbili. Barua mpe Gasper, konda wa basi la asubuhi.

Shemeji yako,
Mama Anifa


Masasi, 3 Mei 2024

Shemeji Mama Anifa,

Tunawasalimu sana. Mama mpe shikamoo yangu, na Anifa mwambie namkumbuka. Huku tupo, Selestina mzima, jua kali, redio za kutengeneza chache.

Hao hawajanenepa, wamevutwa. TV ya chogo ilikaribia mraba. Hii ya kwenu ni ndefu kama benchi la kanisani, na haipendi nafasi tupu: ukiipa picha ya mraba inaivuta kulia na kushoto mpaka ijae. Chukua rimoti, ingia kwenye mpangilio wa picha, tafuta nne kwa tatu. Pembeni patabaki weusi huku na huku. Usiuogope, hapo ndipo picha imepata kupumua.

Kisha utaona sehemu ya kukuza. Kuza kidogo, mpaka kingo zote nne zikatike. Chogo lenu lilikuwa linakata kingo, na waliotengeneza gemu zile walilijua hilo, kwa hiyo pembeni hawakuweka kitu cha maana. Nilimwambia Dauda mara mbili nilifungue chogo lile nirudishe picha ndani. Akasema niliache lilivyo. Basi nawe acha hivyohivyo. Kingo hazina kazi.

Shemeji na mtani wako,
Optatus


Newala, 12 Mei 2024

Mtani Optatus,

Hujambo, na wa nyumbani hawajambo? Sisi tupo, tunakula ming'oko, viazi vyetu vya porini, na kupiga miayo.

Nne kwa tatu imefanya kazi. Timu imekonda kwa siku moja, refa amerudi kwenye hali ya utumishi. Ya kukuza hatujaipata bado.

Ila sasa kwa kuwa wamekonda tunawaona vizuri zaidi, na hilo halijatusaidia. Kila mchezaji ana mstari mweupe umemzunguka, kuanzia kichwani hadi miguuni. Akikimbia, weupe unakimbia naye. Mama mkwe alikuwa amekaa nyuma yetu anapeta mtama, akatazama, akaacha kupeta. Akasema, "Hawa wamevaa sanda."

Nikamwambia, "Mama, ni TV tu."

"TV ndiyo nani? Mimi nimewavisha watu, naijua sanda."

La pili. Anifa akiachia kitufe, mchezaji hasimami palepale. Anaongeza hatua moja, wakati mwingine mbili, ndipo asimame. Jana Anifa aliachia, akatazama ile hatua ya ziada, kisha akaitazama pedi ya pili ya kuchezea, ile aliyokuwa akiishika Dauda. Akasema, "Baba anamalizia." Hakulisema kwa huzuni. Alilisema kama mtu anayesema chai imepoa.

Tangu hapo pedi ya pili haichomolewi, na Mama ameweka kisahani cha unga wa tambiko chini ya TV. Shehe akija kutujulia hali nakifunika kwa kanga.

Wako,
Mama Anifa


Masasi, 16 Mei 2024

Shemeji,

Poleni na salamu za hapa. Selestina anauliza Mama anameza dawa za kifua au anazificha.

Huo weupe ni ukali wa picha. TV mpya ikiletewa kitu hafifu inakichorea mstari pembeni, kionekane kimekatwa kwa wembe. Kwa picha za siku hizi inapendeza. Kwa picha ya zamani inashona sanda. Tafuta neno la ukali, ulishushe mpaka sifuri.

Na ile hatua: TV hii haionyeshi picha mpaka kwanza iioshe na kuipiga pasi. Kidole cha Anifa kimeshaachia, picha bado iko kwenye pasi. Kwenye mpangilio kuna hali ya mchezo. Ukiichagua, TV inaacha kufua. Mwambie Anifa kwamba huyo si baba yake. Au usimwambie, sijui. Wewe ndiye mama.

Kukuza msisahau. Hii ni mara ya pili naandika.

Optatus, mtani wenu


Newala, 27 Mei 2024

Mtani,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Sisi miili mizima.

Ukali tumeushusha, sanda zimevuliwa. Hali ya mchezo tumeiweka, na sasa mtu akiambiwa simama anasimama. Ulidhani Anifa atafurahi. Aliachia kitufe, mchezaji akasimama hapohapo, naye akaiweka pedi mkekani akalia. Kwa hiyo ufundi wako umefanikiwa, hongera.

Halafu, katika kutafuta huko kukuza kwako, kidole cha Anifa kilibonyeza kinyume. Picha haikukua, ilijikunja ikatoka nzima, na kingo zake zote. Mtani, kuna vitu huko. Kuna kipande cha majani hatujawahi kukiona, kuna benchi, na kuna mtu mwenye koti amesimama kando ya mstari, mikono mfukoni. Miaka yote hiyo alikuwa amesimama pale, na Dauda akipiga kelele hapa bila kujua anatazamwa.

Anifa akafungua jedwali la ligi. Maandishi yake yameyeyuka kama sukari guru kwenye mvua, lakini safu zake tunazijua: mechi walizocheza, walizoshinda, walizotoka sare. Sasa kumbe kuna safu ya mwisho, ambayo chogo lilikuwa halituonyeshi. Mechi walizofungwa. Kwenye mstari wa Wapole imesimama namba moja, nyembamba kama nguzo ya umeme.

Ligi ile hakuna aliyeigusa tangu Dauda atutoke. Mama ndiye aliyeuliza, "Amefungwa na nani?" Kisha akajijibu mwenyewe: "Basi huko aliko kuna mtu anacheza naye. Na anamshinda."

Anifa hakula jana wala leo asubuhi. Wewe ni fundi. Niambie kama TV inaweza kuandika namba yenyewe.

Mama Anifa


Newala, 20 Juni 2024

Shemeji Optatus,

Salamu. Wiki ya nne sasa sijapata neno. Gasper ameapa kwamba barua alikupa mkononi, ukaisoma umesimama, ukaikunja mara nne, ukarudi ndani bila kumuaga. Kama unaumwa, tuambie tukuombee. Kama huumwi, basi nakuandikia yafuatayo ili usije kusema hukujua.

Mama amemwita Mjomba Sultani, kaka yake. Mjomba amelitazama jedwali, ameitazama namba, akaomba maji ya kunywa. Uamuzi wake ni kwamba siku nikitoka eda, tarehe kumi na tano Julai, mashine itabebwa pamoja na pedi na nyaya zake hadi Shimo la Mungu, itupwe bondeni, ili mtu apumzike na asiendelee kupigwa huko. Anifa alisikiliza yote. Hakubisha, na hilo ndilo linaloniogopesha. Nilimuuliza kama haitaki ligi tena. Akasema, "Nikiichukua, nitakuwa namnyang'anya kabla hajasawazisha."

Mimi siamini mambo haya, unanijua. Lakini jana nimejikuta napiga hodi kabla ya kuingia sebuleni kwangu.

Sikudhani, Mama Anifa


Masasi, 5 Julai 2024

Shemeji Mama Anifa,

Mpe Mama shikamoo, kama ataipokea. Sisi wazima wa mwili.

TV haiandiki namba. Ni mimi.

Siku ya pili ya msiba mashine yenu ilikuwa chini ya meza yangu ya kazi, nasubiri jogoo. Utani ulishachekwa ukaisha, nimebaki na kile kitu. Nikakichomeka kwenye chogo langu. Nilitaka kusikia ule mlio wake wa kuwaka, basi. Ikaja ligi ya Dauda, ikaniletea mechi inayofuata, timu zimeshajipanga, wananisubiri. Nikasema nimshindie hata hii moja, mtu amekufa mpira uko mguuni kwake.

Mimi nazifungua mashine, Shemeji, sichezi. Nilifungwa mbili bila. Lile la pili nilijifunga mwenyewe. Filimbi ilipolia nikachomoa waya ukutani, nikaivisha mashine kitambaa changu cha kufutia vumbi kama mtu anayefunika maiti. Jogoo wenu alipopikwa nilimwambia Selestina tumbo linauma. Mpaka leo anafikiri nina vidonda vya tumbo.

Nilikuambia ukate kingo kwa sababu nilijua safu ile iko wapi. Miezi minne rafiki yangu hakufungwa na mtu, nami nimemfunga akiwa na siku mbili kaburini. Tangu hapo nikiwasha kitu chochote hapa mezani, redio ya mtu au feni, mkono wangu hautoki kwenye swichi mpaka nione hakuna kinachonisubiri. Barua yako ya mwezi wa tano imo mfukoni mwa shati la kazi. Imefuliwa nalo mara tatu.

Msomee Mama, na Mjomba awepo. Mashine isitupwe. Kama kuna wa kutupwa Shimo la Mungu, nauli ya kuja ninayo.

Gasper anakuletea waya wa vichwa vitano, nimeuunga mwenyewe. Viwili ni vya sauti. Vitatu vya picha: nyekundu, kijani na buluu, kila rangi na njia yake. Ule wa njano unazipitisha rangi zote kwenye mlango mmoja, zinasukumana, ndiyo maana maandishi yanayeyuka. Uwanja ukitokea wa zambarau msikimbie. Ingieni kwenye mpangilio wa mashine yenyewe, mbadilishe aina ya rangi, utarudi kuwa majani.

Mwambie Anifa anisamehe. Au subiri akue.

Optatus


Newala, 17 Julai 2024

Mtani wangu Optatus,

Salamu kwako na kwa Selestina, na pole ya vidonda vya tumbo.

Nimetoka eda juzi. Nimekwenda dukani kununua chumvi, watu wakanitazama kama mgeni kutoka serikalini. Mikorosho imeanza kuchanua, watu wako mashambani wanapulizia, hapa tulibaki wachache, nasi ndio tulioisikia barua yako. Nilimsomea Mama mbele ya Mjomba Sultani, neno kwa neno. Nilipofika pale ulipojifunga mwenyewe, Mama alinyanyua mkono nisimame. Akasema, "Mmakua huyu." Nikadhani analia. Alikuwa anacheka, akacheka mpaka kifua kikamshika tukampa maji.

Hukumu yako ni jogoo wawili, tena walio hai, na uje mwenyewe upalilie kaburi, kwa jembe, si kwa maneno. Mashine haitupwi. Unga wa kisahani Mama ameumwagia kuku. Namba ile sasa inaitwa Optatus, na kila mgeni anaonyeshwa.

Waya umefika. Uwanja ulikuwa wa zambarau na hatukukimbia. Sasa unaona mpaka nyavu, mpaka mikunjo ya soksi. Anifa amecheza mechi zote nne zilizobaki, kashinda mbili, katoka sare moja, kafungwa moja. Wapole wameshika nafasi ya pili. Aliitazama ile picha ya mwisho kwa muda, akazima, akaenda kuteka maji.

Shemeji na mtani wako,
Mama Anifa

Nimesahau. Kwa waya wako maandishi madogo yanasomeka, basi Anifa akafungua orodha ya mechi zote tangu mwanzo wa ligi. Ya kwako haimo. Mashine hii haihifadhi kitu mpaka mtu abonyeze, na wewe ulichomoa waya. Mama hatujamwambia, hukumu imeshapita. Aliyefungwa ni Dauda mwenyewe, mechi ya tatu, tano bila, na timu ya mkiani.