Upande wa Mbele

Kasulu, 9 Juni 2013

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Nianze na mgongo wako: dawa ya kuchua niliyotuma imesaidia? Na Mama, goti lake linaendeleaje? Mimi mzima, ila vumbi la kiangazi limenikaa kifuani. Simu huisikii vizuri, na huko Nyabibuye mpaka upande kilimani ndipo mtandao ushike, kwa hiyo naandika. Kondakta wa basi la Kakonko amekubali kuibeba barua.

Nimepata kazi ya jukwaa la ujenzi. Ni nyumba ya wageni ya ghorofa mbili, ya Mama Kudra, yule mwenye duka la vitenge pale sokoni. Msimamizi wetu anaitwa Stanislaus. Nina wenzangu watatu, mmoja wao ni Isack, kijana Msabato niliyekuambia anaimba akiwa juu mpaka wapita njia wanasimama.

Pande tatu tumeshazifunga kwa mirunda ya miti. Tatizo ni upande wa mbele. Nyaya za umeme mkubwa zinapita barabarani, na ukisimama juu ya ukuta wa mwisho unaona kama unaweza kuzisalimia. Watu wa hapa umeme bado ni mgeni kwao, hawauogopi. Wewe ulijenga Mwanza miaka mingi chini ya nyaya kama hizi. Nifanyeje?

Mwanao,
Odilia

Nyabibuye, 21 Juni 2013

Mwanangu Odilia,

Marahaba. Mgongo unanitii asubuhi, jioni unaniasi. Goti la mama yako limepona, sasa anatukimbiza sote. Mtama tumevuna. Tumshukuru Mungu.

Barua yako nimeisoma mara nne. Sikiliza vizuri. Ule waya hauna ganda. Uhesabu kuwa uko hai kila siku, hata mji ukiwa gizani. Si lazima uuguse: umeme mkubwa huruka kumfuata mtu aliyeukaribia. Usimwamini anayesema mti hauchukui umeme, maana mti ukishika umande au mvua ni ndugu wa chuma. Usikisie umbali kwa jicho, wala usiende kupima kwa futi. Waende watu wa umeme wenyewe, wawape kipimo, na kama nafasi haitoshi wazime au wahamishe nyaya kabla hamjasimamisha hata mrunda mmoja. Bomba au mrunda mrefu mbebe wawili, ulale, usisimame. Fungeni kamba chini ili asipite mtu na kitu kirefu.

Na likitokea la kutokea, usimguse aliyepigwa, wala jukwaa, wala usisogee karibu. Ngojeni mpaka waliozima waseme kwa vinywa vyao kwamba wamezima. Wakati mwingine umeme hukatika wenyewe, watu wakakimbilia, kisha ukarudi.

Msimamizi akikataa, rudi nyumbani. Mihogo haijawahi kuua fundi.

Baba yako,
Tharsisi

Kasulu, 14 Julai 2013

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inawakuta na nguvu kama zile nilizowaacha nazo Pasaka. Mimi afya ninayo, kazi sina.

Nilimweleza Stanislaus yote uliyoandika. Alinisikiliza akiwa anatafuna muwa, halafu akanyoosha kidole juu. "Ndege wanakaa pale kila siku," akasema. "Umeona umemuua yupi?" Nikamwambia ndege hajasimama ardhini, sisi tumesimama. Wenzangu wakacheka, naye hakupenda. Akasema keshokutwa yanakuja mabomba ya chuma ya kukodi, upande wa mbele ufungwe kwa siku mbili, na anayeogopa waya akapike maandazi.

Nilikwenda ofisi ya umeme mwenyewe. Wakasema ombi liandikwe na mwenye nyumba. Nikaenda dukani kwa Mama Kudra. Akaniambia kwa upole kwamba Stanislaus amejenga tangu mimi sijazaliwa, na kwamba mwanamke akiwa mwoga juu ya ukuta si ajabu.

Kwa hiyo siku mabomba yalipofika nilikaa juu yake. Ndiyo, Baba, nilikaa. Nikasema mimi ndiye fundi jukwaa wa hapa, na jukwaa la mbele halisimami mpaka nyaya zizimwe. Isack alikaa na mimi kama robo saa, kisha Stanislaus akamwita pembeni. Aliporudi hakunitazama. Mke wake ana mimba ya miezi saba, simlaumu. Mimi nikafukuzwa.

Sirudi nyumbani. Nikirudi watasema nilikimbia waya. Nimepata kibarua cha kupaka rangi kwenye duka la dawa lililo ng'ambo ya barabara, na kila asubuhi naupita ule ujenzi ili Stanislaus anione.

Mwanao mkaidi,
Odilia

Kasulu, 2 Septemba 2013

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Ile ya Julai hukuijibu. Namwomba Mungu iwe ni uvivu wa kondakta, wala si ugonjwa.

Isack amepigwa na umeme. Yuko hai. Mkono wa kulia wameukata juu ya kiwiko.

Ilikuwa Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi. Nilikuwa mlangoni mwa duka la dawa na brashi mkononi. Alikuwa juu kabisa, anapokea bomba refu kutoka chini, na lilipandishwa likiwa wima. Nilisikia mlio kama turubai linalochanika. Isack alirushwa, akaanguka kwenye lundo la mchanga hatua moja tu kutoka miguu ya jukwaa. Bomba likabaki limeegemea waya na jukwaa.

Watu walikimbia. Niliwahi mbele yao nikapanua mikono. Mmoja alinisukuma, nikamsukuma zaidi. Isack alikuwa analia, anaita jina la mkewe, na mimi nawazuia watu wasimfikie. Mwanamke mmoja alinitemea mate, akaniita muuaji. Cheche zilikuwa zimekoma, na Stanislaus akapiga kelele kwamba umeme umekatika, wamnyanyue. Nikasema hapana. Stanislaus hajamaliza kunitukana, ule mlio ukarudi na jukwaa zima likatoa cheche. Baada ya hapo hakuna aliyenisukuma tena.

Nilikuwa nimeshampigia fundi wa umeme ambaye namba yake niliichukua Julai. Aliposema kwa kinywa chake kwamba amezima na amefunga, ndipo nikaenda. Nilikuwa wa kwanza kumshika Isack.

Sasa sikiliza walichofanya. Jana Stanislaus alikuja na karatasi. Imeandikwa kwamba Isack alikuwa amelewa na alipanda bila kuagizwa. Wenzetu wawili wameshasaini. Anataka na mimi, kwa sababu mji mzima uliniona pale. Nikisaini narudishwa kazini kama kiongozi wa mafundi. Nisiposaini, anasema sitashika mrunda Kasulu wala Kibondo. Isack, Baba, hata soda haigusi.

Nimeomba siku za kufikiri, ingawa sina la kufikiri. Nataka tu sauti yako.

Mwanao,
Odilia

Nyabibuye, 12 Septemba 2013

Mwanangu,

Marahaba. Sikuwa mgonjwa. Mama yako mzima, anakusalimu, hajui ninachoandika.

Saini.

Najua utakavyokunja uso. Ngoja nikueleze jambo ambalo sijawahi kulisema ndani ya nyumba hii. Mwaka 1989 kule Mwanza nilifanya kazi na Ndihokubwayo, wa kijiji cha jirani hapa. Unamfahamu mjane wake, Mama Loyce, ana shamba kule bondeni. Siku hiyo yeye alikuwa juu na mimi chini. Bomba lililogusa waya nililipandisha mimi, likiwa wima, kwa sababu tuliambiwa tuharakishe na mimi nikaharakisha. Alikufa palepale. Jioni tajiri akaleta karatasi kwamba marehemu alikuwa mzembe, alicheza na waya. Nikasaini. Wewe ulikuwa na miaka mitano.

Kazi ile ilikulisha wewe na ndugu zako, ikakusomesha. Jina langu lilikaa salama. Yaliyoandikwa kwenye barua yangu ya Juni sikuyajua mahali pengine, niliyajua kwake. Mkono wa Isack haurudi kwa wewe kukosa kazi. Wino ni wino tu. Saini, ukae mjini, uishi.

Baba yako,
Tharsisi

Kasulu, 20 Septemba 2013

Baba,

Shikamoo. Nawasalimu wote.

Sisaini. Karatasi nimemrudishia Stanislaus mbele ya watu sokoni, bila saini yangu. Nimeandika yangu mwenyewe, kurasa tatu, kila nilichokiona na saa yake. Nimeipeleka ofisi ya kazi ili impate mkaguzi akija kutoka mkoani.

Umeniambia wino ni wino tu. Kama ni hivyo, kwa nini umekaa nao miaka ishirini na minne bila kumwambia hata Mama? Watoto wa Mama Loyce nilisoma nao. Tulikuwa tukiwaimbia njiani kwamba baba yao alicheza na waya. Nami niliimba, Baba. Nilijifunza kutoka kwa watu, nao walijifunza kutoka kwenye karatasi yako.

Nakuheshimu, lakini kwa hili sikutii.

Odilia

Kasulu, 26 Januari 2014

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Tangu Septemba kimya. Mama aliponipigia simu kutoka kilimani alisema unashinda shambani peke yako na chakula unakila baridi. Sijakuombea mabaya hata siku moja.

Nakupa habari. Mkaguzi alikuja Novemba. Nilisimama mbele yake, na Stanislaus ameketi pale, nikasema yote. Wale wawili walisisitiza kwamba Isack alikuwa amelewa. Nilidhani tumeshindwa. Halafu Mama Kudra akanyanyuka. Alisema nilikwenda dukani kwake mwezi wa saba kumwonya, naye akaniita mwoga, na maneno yale hayajamtoka kichwani. Mmoja wa wale wawili akaanza kulia, akaifuta kauli yake. Stanislaus ameondolewa, na imeandikwa kwamba Isack hakuwa na kosa. Mkewe ametoa nakala ya karatasi ile akaibandika ukutani, juu ya kitanda cha mtoto.

Miezi mitatu sikupata kazi popote. Nilifika mpaka Kibondo, wakiniona tu wanasema nafasi zimejaa. Desemba nyaya zilihamishiwa ng'ambo ya pili ya barabara, kwa ombi la mwenye nyumba. Mama Kudra akanitumia mtu kuniita nimalizie jukwaa, nami nikamjibu kwamba nitakuja kwa masharti yangu: mafundi nawachagua mimi, na nikisema shukeni, watu wanashuka, hata akiwepo yeye. Akakubali. Isack nimemweka chini kwenye kamba. Hapiti mtu na kitu kirefu bila yeye kumsimamisha, na ana sauti ya kusimamisha lori.

Wengine mjini bado wananiita mama wa kesi. Ninaitika.

Mwanao,
Odilia

Nyabibuye, 15 Machi 2014

Mwanangu Odilia,

Natangulia kukusalimu mimi leo, maana wewe ndiye umetembea mbele. Mvua ni nzuri, maharage yametoa maua. Mama yako anajua kila kitu. Siku tatu hakunipikia, ya nne akanipikia.

Jumatano nilikwenda kwa Mama Loyce. Alikuwa anapalilia na wanawe wawili, wanaume wazima sasa. Hakunikaribisha kiti, nikasema nimesimama. Nikamwambia mumewe hakucheza na waya, bomba nililipandisha mimi, na karatasi ile ilikuwa uongo wenye jina langu.

Alipalilia mpaka mwisho wa tuta. Kisha akasema, "Umeniambia mimi. Mimi nilimjua mume wangu, sikuhitaji kuambiwa. Waambie waliokuwa wanaimba."

Nikamuuliza lini. Akasema Jumapili, kanisani, baada ya matangazo. Ameshaongea na katekista. Mtoto wake mkubwa akasema atakaa kiti cha mbele, na nikianza kumung'unya maneno atasimama anisahihishe.

Kuna wazee wenzangu walikuja hapa jana kunisihi. Wanasema nimezeeka, marehemu ameoza, nitajivunjia heshima bure na kuwaaibisha ninyi watoto. Nimewaambia wawahi kanisani, viti vya mbele vitajaa.

Ni kesho. Nimechelewa kukuandikia kwa makusudi, usije ukapanda basi kuja kunishika mkono. Nataka nisimame peke yangu.

Baba yako,
Tharsisi