Melkiori Ameokoka Bure

Jumapili, 4 Mei
Shifti ya asubuhi, nyumba ya wazee, St Marys. Nimeogesha watu sita, nimebadilisha mashuka, nimekimbilia treni ya Lidcombe na sare ya kazi bado mwilini. Ibada ilishaanza. Mgeni mmoja alikuwa mbele anashuhudia. Sauti niliijua kabla ya uso.

Melkiori. Kiongozi wetu wa zoni kule kambi ya wakimbizi. Kumbe yuko Sydney tangu Februari.

Alisema dhambi zake zilikuwa nyingi na Yesu amemsafisha bure. Vigelegele. Nilitoka nje, nikarudi stesheni.

Jumatano, 7 Mei
Niandike, nisije nikajifanya nimesahau. Melkiori alitaka kunioa, mama akakataa. Siku ya mahojiano ya safari ya kuhamia Australia akawaambia maofisa kwamba mama si mama yetu, amejipachika tu kwenye familia. Faili la mama likasimamishwa. Tukaambiwa tutangulie, atafuata. Hakufuata. Alifia kambini mwaka wa pili, bila mtoto hata mmoja karibu.

Namchukia. Sina neno jingine.

Ijumaa, 9 Mei
Pasta amekuja nyumbani. Nimemweleza yote. Akanywa chai, akasema wokovu ni zawadi, hakuna anayeulipia. Nikimdai Melkiori malipo, naukana msalaba.

"Pasta, ya Mungu Yesu amelipa. Ya mama yangu nani amelipa?"

"Mama Klarisa, hasira hiyo itakupeleka pabaya."

Mimi! Pabaya nipelekwe mimi! Sikumsindikiza.

Jumapili, 11 Mei
Siku ya Mama, kwa Waaustralia. Kanisani wamegawa maua meupe kwa akina mama. Mgawaji: Melkiori. La kwangu nimeliacha likaanguka sakafuni.

Mama Furaha wa kwaya akanivuta pembeni. Eti nina roho ngumu, naliaibisha kanisa. Miaka tisa tumepika pamoja kwenye misiba, huyu.

Klarisa, binti yangu, tukiwa njiani: "Mum, just stop going." Niache tu kwenda kanisani. Pengine ana haki.

Jumatano, 14 Mei
Nimemkaripia bibi wa chumba cha nne kwa kukataa dawa. Amelia. Aibu tupu.

Jumapili, 18 Mei
Leo Melkiori alikuwa abatizwe. Nilienda kwa vita, nisijidanganye. Bwawa la plastiki katikati ya ukumbi, yeye ndani, maji kiunoni, kanzu nyeupe. Pasta akauliza kama kuna mwenye neno. Nikasimama.

"Ataje kwanza jina la mama yangu!"

Kwaya ikaanzisha wimbo kunifunika. Pasta akawapungia mkono wazidishe. Aliyewanyamazisha ni Melkiori mwenyewe.

"Anaitwa Yozefina," akasema. "Nilimsingizia. Alikuwa mama yao wa kuwazaa."

Akaeleza yote, hata posa iliyokataliwa. Pasta akamshika bega. "Inatosha, ndugu. Ukianza kulipa, umeikataa zawadi." Melkiori akatoka majini bila kubatizwa, akipitia mlango wa jikoni, akidondosha maji.

Watu wote wakanigeukia mimi, kama mwizi.

Nilidhani nitafurahi. Sikufurahi. Bado namchukia.

Jumatatu, 19 Mei
Amepiga simu mara tatu. Nimekata. Kisha ujumbe: nimwambie afanye nini, atafanya. Nikajibu hana cha kunipa.

Mchana, nikimlisha mzee mmoja supu, likanijia wazo. Melkiori alibaki kambini. Mama alipokufa, yeye alikuwepo. Mimi sikuwepo.

Jumamosi, 24 Mei
Stesheni ya Lidcombe, saa nne asubuhi. Nilimwita Melkiori mwenyewe, akaja. Benchi moja, mkoba wangu katikati yetu. Nilimwuliza mama alizikwaje.

Alieleza polepole. Walichimba yeye na wanaume wawili. Udongo wa mawe, wakamaliza alasiri. Majirani waliimba kwa Kirundi. Kaburi liko nyuma ya shule, safu ya mwisho. Akanichorea kwenye karatasi. Mama alivikwa kitenge cha kijani.

Alilia. Mimi sikulia. Nilimwambia arudie pale pa kitenge. Akarudia.

Treni yangu ikaingia. Hakuomba msamaha wangu, nami sikumpa. Nilikunja karatasi, nikapanda, nikakaa upande wenye jua.

Nimefua, nimeanika. Kesho Jumapili. Nimeomba shifti ya kutwa; kanisani siendi.