Ufa wa Baiskeli ya Kijani

Jumapili, saa tisa na nusu. Mvua ya Julai imenyesha tangu mchana, na sasa imebaki ile ya kudondoka polepole kutoka kwenye mabati ya jirani. Nimevaa sweta mbili. Vidole vimekufa ganzi, kwa hiyo nikikosea herufi, sababu ni hiyo.

Au sababu ni kwamba naogopa kuandika.

Wiki sita zilizopita niliweka hapa kwenye blogu yangu ukurasa mrefu kuhusu jinsi ya kuchagua baiskeli ya kukunja ukiwa na pesa kidogo. Bado uko hapo chini, mtu anaweza kushuka akausoma. Nilieleza uzito, ukubwa wa magurudumu, gia, bawaba. Niliandika kwamba tuliona baiskeli mbili, tukaiacha ya kijani "kwa sababu za usalama". Nilijivunia maneno hayo. Yalisikika kama ya mtu mzima.

Yalikuwa uongo.

Mama yangu ni karani katika stoo moja ya nafaka upande wa pili wa mji. Sisi wawili tunaishi mtaa wa West Indies hapa Eldoret, ghorofa ya tatu, vyumba viwili. Baiskeli yake ya zamani iliibwa pale chini kwenye ngazi. Mwizi alituachia mnyororo tu. Tangu hapo Mama akawa anatembea, dakika arobaini kwenda na dakika arobaini kurudi, na akifika jioni alivua viatu na kukaa kwanza, ndipo anisalimie.

Halafu zamu yake ya chama ikafika. Ni chama cha wanawake tisa wa kanisani wanaochanga pesa na kupokezana kwa zamu, na wana desturi yao: pesa ya zamu haiishii kwenye unga na sukari. Lazima ununue kitu cha kuonekana, kisha wenzako waje nyumbani wakione na kukiombea. Mama akasema atanunua baiskeli ya kukunja, awe anapanda nayo hadi juu, na kazini aiweke nyuma ya magunia.

"Na wewe ndio utachagua," aliniambia. "Wewe ndio unasoma."

Nilisoma kweli. Wiki mbili nzima, kwenye simu ya Mama, kila siku baada ya kazi ya shule. Daftari liko hapa mbele yangu. Ukurasa wa tatu nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe: mtu anayevaa sketi anahitaji fremu iliyoinama katikati, ili asiinue mguu juu. Anahitaji kiti kipana. Usukani uwe juu, asibebe mwili kwa viganja. Keria ya kuwekea mkoba. Nimepiga mstari chini ya neno "sketi".

Siwezi kusema sikujua.

Mzee anayeuza baiskeli kuukuu kando ya barabara alikuwa na mbili za kukunja siku hiyo. Ya kijani ilikuwa kila kitu kilichoandikwa ukurasa wa tatu. Nzito, gia moja tu, kiti kipana kilichopasuka ngozi, keria yenye kutu kidogo, fremu imeinama kama ilishonewa mtu mwenye sketi. Ilikuwa mbaya machoni. Ya bluu ilikuwa nyepesi, gia sita, usukani mmoja mnyoofu wa chini, kiti chembamba kama rula. Nilipoishika, nikajiona juu yake.

Nikajiona Jumamosi, Mama akiwa amepumzika, mimi nikiteremka kwenda maktaba. Mimi ni mtu wa kupita kando ya ukuta. Shuleni nikiulizwa swali darasani, jibu huwa linanitoka wakati mwalimu ameshamwendea mwingine. Lakini juu ya baiskeli ile ningepita katikati, haraka, na hakuna ambaye angepata nafasi ya kunisemesha.

Mama alikuwa ameshika ya kijani. Alikuwa ameshaipenda, nilimwona. Kwenye bawaba ya katikati, pale inapokunjwa, rangi ilikuwa imechunika mstari mwembamba, urefu wa ukucha.

Nikasema, "Mama, hii iko na ufa. Ikivunjika hapa ukiwa barabarani, utakufa."

Yule mzee aliweka mate kwenye kidole gumba, akausugua ule mstari. "Mama, hii ni rangi imetoka tu. Chuma iko sawa. Angalia."

"Mtoto wangu amesoma hizi vitu," Mama alimjibu, na sauti yake ikapanda kama inavyopanda anapofikiri ananilinda. "Mzee mzima, unataka kuniuzia kitu imepasuka? Nikianguka, huyu utamlea wewe? Wewe ni mwongo!"

Kulikuwa na mwanamume mwingine aliyekuwa akisubiri kuijaribu ile ya kijani. Alitutazama, akatazama bawaba, akaenda zake. Mzee aliondoa kidole kwenye bawaba. Alinitazama mimi. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayesubiri mwenzake amalizie sentensi.

Sikuimalizia.

Ya bluu ilizidi bei. Mama aliongezea pesa aliyokuwa ameweka ya viatu.

Wanawake wa chama walikuja Jumapili iliyofuata. Mimi ndiye niliyeonyesha jinsi ya kuikunja na kuikunjua, mara mbili, wakapiga makofi. Mama Brian, anayekaa mlango wa pili kutoka kwetu, akaizunguka akiwa ameshika kiuno.

"Sasa Mama Nafula, hii si ni ya watoto wa shule? Na hiyo mzigo yako ya nyuma utaweka wapi?"

Wote walicheka, Mama kuliko wote. "Itatoshea tu. Nafula amesoma, amesema ndio nzuri." Kisha wakainamisha vichwa, wakaweka mikono juu ya kile kiti chembamba, wakaiombea. Wakaniombea na mimi, kwa kuwa na akili na moyo wa kumsaidia mzazi.

Nilisema amina.

Kwa wiki kadhaa sikuona tatizo, au nilichagua kutoliona. Kila jioni nilisikia Mama akifika chini. Nilikuwa nachungulia dirishani namwona akiingia getini juu ya baiskeli, mgongo umeinama mbele, akipunga mkono. Nikimuuliza, alisema, "Iko sawa kabisa. Inakimbia!" Nilimwona akikanda viganja usiku akisema ni baridi. Eldoret ni baridi, nikakubali.

Jumatano iliyopita walimu walikuwa na mkutano, tukaachiliwa mapema. Nilizunguka mjini kununua kalamu, na nikiwa narudi nikamwona Mama mbele yangu. Alikuwa anatembea. Alikuwa anaisukuma baiskeli, mkoba umening'inia kwenye usukani, unagonga gurudumu kila hatua. Viatu ni vile vya zamani. Nilidhani imepata pancha, nikataka kukimbia nimsaidie. Kisha nikaangalia magurudumu. Yalikuwa na upepo.

Nilimfuata kwa mbali njia yote. Hakupanda hata mara moja.

Alipofika kwenye kona ya mwisho, pale penye kibanda cha viazi, alisimama. Alifuta uso kwa leso. Alikunja sketi, akainua mguu mara ya kwanza ukakwama, akainua tena. Akapanda, akaendesha zile hatua thelathini hadi getini, na alipoingia akaangalia juu dirishani kwetu na kupunga mkono.

Dirishani hapakuwa na mtu. Mimi nilikuwa nyuma ya kibanda cha viazi.

Ijumaa, tukila, alisema bila kuniangalia, "Nafula, hiyo baiskeli chukua wewe. Utakuwa ukienda nayo shule."

"Na wewe?"

"Mimi mwili umekataa. Si makosa ya baiskeli, baiskeli ni nzuri. Ni mimi nimezeeka. Usiambie kina Mama Brian, watasema nimechezea zamu yangu."

Nilikuwa nimepata kile nilichokitaka. Kilikuwa kimeegemea ukuta karibu na kochi, kimekunjwa vizuri. Na Mama alikuwa ananiomba msamaha kwa sababu kimemshinda.

Nilifunika ugali wangu, nikaondoa vyombo.

Hapo ningesema. Sikusema. Badala yake nilifanya ninachofanya siku zote, nilirudi kusoma. Nilitafuta jinsi ya kuifanya baiskeli ndogo iwe ya kustarehesha bila gharama kubwa. Ndani ya kamusi yangu nilikuwa na shilingi elfu moja na mia mbili alizonipa mjomba Pasaka. Jana asubuhi nilimwambia Mama naenda kuijaribu, nikaipeleka kwa Fundi Ouma karibu na soko.

Fundi Ouma alikitazama kiti, akanitazama. "Hii mlikuwa mnakalia ama mnakatia nyama?"

Alinipatia kiti kipana chenye springi mbili, kilichotoka kwenye Black Mamba, zile baiskeli kubwa nyeusi za wazee. Bomba la kiti lilikuwa jembamba kuliko shimo lake, basi akakata ukanda wa mkebe wa soda, akauzungushia kwenye bomba, akakaza. Alitoa usukani mnyoofu akaweka wa kupinda, unaorudi kumwelekea mwendeshaji, na raba laini za mkononi. Akapunguza upepo kidogo kwenye tairi. Sasa ikikunjwa, upande mmoja wa usukani unabaki umetokeza kama pembe ya mbuzi. Yote hayo yalimaliza pesa ya mjomba, na zile shilingi hamsini zilizopungua akanisamehe.

Nikamuuliza kama fremu inaweza kushushwa katikati.

"Fremu siwezi kata, mtoto wangu. Ikikatwa imekufa." Alikuwa anafuta mikono kwa gazeti. "Mwenye alichagua hii hakuangalia mwenye atapanda. Nani alichagua?"

"Mama mwenyewe," nilisema.

Ilinitoka hivyo tu, laini. Mimi ambaye jibu huwa linakwama.

Njiani nilisukuma baiskeli, sikuipanda. Ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa najaribu kununua kunyamaza kwangu kwa springi mbili na kipande cha mkebe.

Leo baada ya kanisa, kabla mvua haijaanza, nilimwonyesha Mama pale uani. Alikaa kwenye kile kiti, akaruka-ruka kidogo, akacheka hadi Mama Brian akatoa kichwa dirishani kuuliza kuna nini. "Njoo uone kochi!" Mama alimwitia. Alizunguka uani mara mbili, mgongo umenyooka. Lakini kupanda, aliinua mguu mara tatu. Sketi yake ya kanisa ikashika kwenye fremu na pindo likafumuka kidogo.

"Hii ni kitu kidogo," alisema akikusanya uzi. "Nitazoea. Mungu alinipa mtoto wa kunifikiria."

Nikamwambia. Sikupanga. Nilisema nikiangalia ule uzi. Kwamba bawaba ya kijani haikuwa na ufa. Kwamba nilijua ni rangi. Kwamba nilitaka ya bluu, ya kwangu. Kwamba Jumatano nilimwona akiisukuma njia yote hadi kona ya mwisho.

Hakupiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Aliikunja baiskeli mwenyewe, akaibeba ghorofa tatu, na mimi nyuma yake nikiwa na mkoba wake. Alivua viatu, akakaa.

"Kwa hivyo yule mzee alisema ukweli."

"Ndiyo, Mama."

"Na mimi nikamwita mwongo. Mbele ya watu. Mzee kama baba yangu."

Nilikuwa nimefikiria viganja vyake, viatu vyake, sketi yake. Yule mzee sikuwa nimemfikiria kama mtu wa kuombwa msamaha. Alikuwa kwangu macho tu, yaliyonisumbua nikijaribu kulala.

"Kesho ukitoka shule tunaenda kwake," Mama alisema. "Utaongea wewe. Mimi nitasimama hapo tu, kisha nitaomba msamaha yangu."

"Mama, naweza kumwandikia barua. Nzuri."

"Hapana. Siku ile uliongea."

"Labda ya kijani bado iko, tunaweza kubadilisha..."

"Hata kama iko, si hiyo inatupeleka." Kisha akaenda kuweka chai, na kwenye sufuria alipima maziwa ya watu wawili kama kawaida. Sijui kwa nini hilo ndilo lililoniliza.

Ule ukurasa wa zamani nimeufungua ili niufute, halafu nikauacha. Nimeongeza mstari mmoja tu juu yake: baiskeli ya kijani ilikuwa nzima, niliyeandika hapa alidanganya.

Hiyo ilikuwa rahisi. Kuandika ni rahisi kwangu. Kesho saa kumi nitasimama kando ya barabara mbele ya mzee yule, labda na wateja wake, nami nitapaswa kumalizia ile sentensi aliyoisubiri. Nimekuwa naijaribu hapa chumbani tangu chai. Mzee, habari yako. Mimi ni yule msichana. Ile baiskeli yako haikuwa na ufa, na nilijua.

Mara tano sasa. Ninapofika kwenye "nilijua", sauti inashuka hadi siisikii mwenyewe.

Mama naye anasikia, kumbe. Amegonga ukuta kutoka upande wa jikoni.

"Paza sauti, Nafula! Pale barabarani kuna malori."