Raba ya Shafti, Njia ya Inyonga

Mpanda, mwezi wa saba

Kaka Gervas,

Shikamoo. Goti la mama linaendeleaje na baridi hii? Mimi mwili ni mzima, ila nina hasira, na nimeona nikuandikie wewe uliyenifundisha kushika spana.

Ile pikipiki ya zahanati niliyokueleza, ya Kijerumani yenye kigari cha pembeni, waliyotuachia mapadri, haina mnyororo. Inavutwa na shafti, na kati ya shafti na giaboksi kuna kipande cha raba. Raba hiyo ilianza kupasuka tangu masika. Mara nne nimemwomba mkuu wetu wa kituo aagize nyingine. Mara nne amenijibu, "Si inatembea?"

Juma lililopita ikaja habari kutoka kijiji kipya cha ujamaa, kabla tu ya kufika Inyonga: mama mmoja ana uchungu tangu jana yake, mtoto hatoki. Tukaondoka alfajiri na mkunga wetu, mama Skolastika, amejikunja kwenye kigari na mablanketi mawili. Kaka, kipupwe cha huku si mchezo. Nilijaza magazeti kifuani, lakini vidole vilikufa ganzi hadi ikabidi niviangalie kujua kama vimeshika breki.

Katikati ya msitu injini ikanguruma, tairi la nyuma likakataa kuzunguka. Nilijua kabla sijashuka.

"Nini tena, Deo?"

"Raba imekatika, mama."

"Itachukua muda gani?"

"Ningekuwa na raba, nusu saa."

Alishuka, akanishikia spana. Nilivua katambuga zangu za tairi, nikaanza kuzichonga kwa kisu. Ya kwanza ilichanika nilipokaza bolti. Ya pili ikashika. Jua lilikuwa limeshapanda, nami nikaendesha miguu mitupu.

Tulimkuta yule mama yuko hai. Mtoto alikuwa ametoka muda si mrefu, hapumui, mwili bado una joto. Mama Skolastika alimpulizia mdomoni, akamsugua, akampulizia tena, mwisho akamfunika na blanketi lake. Baba wa mtoto, mrina asali, akatuuliza, "Nyie mlitoka saa ngapi?" Nikamwambia. Akahesabu saa kwa vidole.

Tuliporudi nikamweleza mkuu yote. Akasema, "Kumbe katambuga zinatosha!" Nilitoka bila kuaga, maana ningempiga. Mama Skolastika alibaki ndani. Sauti yake niliisikia hadi uani, na alipotoka alikuwa na barua ya kuagiza raba imetiwa sahihi. Lakini itajibiwa lini? Safari za wagonjwa hazisubiri.

Kwa hiyo nakuomba, tafuta kwenye vyuma chakavu vya mashamba ya mkonge huko Morogoro. Nimechora kipimo nyuma ya karatasi hii. Hata iliyotumika, tuma.

Juzi nilipita kumwona yule mama. Anatembea, anapika. Aliniuliza kama tungewahi mtoto angepona. Nikamwambia sijui. Kweli sijui, kaka, na jibu hilo linanichoma kuliko baridi yote ya njiani.

Nisalimie mama, shemeji, na baba mdogo fundi cherehani. Mama usimsomee habari za mtoto.

Mdogo wako,
Deo