Buti la Gari la Clifford

Jamhuri, Nairobi
Jumapili, baada ya kanisa

Kwa shemeji yangu Khaemba,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, nikitumaini kwamba wewe, Mama na wote wa boma la Kimilili mko wazima, na kwamba mvua haijaharibu mahindi. Mguu wa Mama unaendeleaje? Mwambie ile dawa yake ya kupaka nitamtumia. Sisi huku tunapumua. Becky ameng'oka jino la mbele na anaonyesha pengo kwa kila mpita njia. Mimi bado napika chakula cha mchana na kukisambaza maofisini, mjini na kule Spring Valley, kwa gari lile lile la marehemu kaka yako Clifford. Ningekupigia simu, ila kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi.

Umekuwa ukiniuliza sana habari za hilo gari, basi leo nitakueleza.

Mambo yalianza baada ya Pasaka. Niliegesha nje ya geti la mteja wangu Spring Valley, nikaingia na beseni moja la wali, na niliporudi nikakuta buti liko wazi na chapati zimetapakaa chini. Askari wa geti aliapa kwamba hakuna mtu aliyeligusa. Likafunguka tena nje ya kanisa, kisha hapa nyumbani, mchana kweupe, chini ya dirisha langu. Kwenye mwendo halikufunguka hata mara moja. Lilingoja nisimame mahali ninaposimama kila siku, ndipo likainuka polepole.

Nikalipeleka kwa Mwaura, fundi wetu wa Dagoretti Corner. Unamkumbuka, yule aliyezungumza matanga yote kuhusu injini. Kwanza alisema ni loki imejaa vumbi, akaisafisha na kuitia grisi. Buti likafunguka. Akasema ni waya uliokatika pale buti linapokunjika, akaufunga upya kwa tepu. Likafunguka. Akalaumu swichi iliyo kando ya kiti cha dereva, akaichomoa kabisa, akaniambia niende nikalale usingizi. Jumapili iliyofuata likafunguka nje ya kanisa, akina mama wa kwaya wakiziangalia sufuria zangu. Nilicheka pamoja nao.

Jioni hiyo ndipo ulipopiga simu. Ulisema umemwota Clifford amesimama nyuma ya gari, buti wazi, chapati zimemwagika miguuni pake, anadai mzigo wake urudishwe nyumbani. Ulisema hana raha huko aliko kwa sababu mjane wake amejikalia Nairobi na mtoto, badala ya kurudi Kimilili kurithiwa nawe kama mke, kama wazee walivyotamka siku ile ya kunyoa nywele baada ya mazishi. Mimi niliwaomba mwaka mmoja wa kuomboleza, nao unaisha Agosti. Shemeji, nilikuamini. Nililia mpaka Becky akaniletea taulo. Kesho yake nikaanza kufunga vyombo kwenye makatoni.

Nilikwenda kwa Mwaura kumuaga tu. Akaniuliza rimoti ya pili ya kufungulia gari iko wapi, maana huja mbili. Nikamwambia ilipotea Clifford akiwa hai. Akafungua chini ya dashibodi na kuchomoa kile kifaa kinachopokea ishara za rimoti. Tangu hapo buti halijafunguka. Niliporudi kumwambia, alifuta mikono na kusema, "Mama Becky, hii gari haina makosa. Ni mtu anaifungua, na lazima akuwe karibu. Hiyo rimoti haifiki mbali."

Nilikaa juu ya tairi kuukuu pale gereji. Nikakumbuka siku ya kunyoa nywele, nguo za marehemu zilipogawanywa. Ni mimi niliyekukabidhi lile koti la kahawia, lenye kifungo nilichokishona kwa uzi mwekundu. Kila kitu Clifford alikitia kwenye mfuko wa ndani wa koti hilo. Sikuupekua. Mjane akianza kupekua mifuko mbele ya wazee, watasema anamnyima hata maiti. Nililikunja, nikakupa kwa mikono miwili, ukanishukuru.

Hata hivyo nilijikemea. Nilijiambia uko Kimilili, unapalilia mahindi kama unavyosema kila ukipiga simu. Lakini habari ya chapati za Spring Valley, ulizozitaja kwenye ndoto yako, sikuwa nimemwambia mtu, si Mama, si kanisani, hata Mwaura sikumtajia. Na Alhamisi Becky alirudi kutoka shule akaniambia amemwona baba ng'ambo ya barabara, amevaa koti lake. Nilimfokea, Mungu anisamehe. Mtoto alikuwa anasema aliyoyaona.

Jana asubuhi nilisimama nyuma ya pazia. Nilikuona kando ya kibanda cha mboga, mkono ndani ya koti la mume wangu, macho kwenye gari. Ulibonyeza. Ukasogea, ukabonyeza tena. Kisha ukaitoa rimoti mfukoni na kuitikisa kama tochi iliyoishiwa betri. Ukainua macho kwenye dirisha langu, ukakaa hapo muda mrefu. Niliogopa, shemeji, na hadi sasa naogopa. Lakini makatoni nimeyafungua, na vyombo nimevirudisha kabatini. Sirudi kwako, si Agosti wala mwaka mwingine wowote.

Barua hii naituma kwa Mama kwa basi la kesho, kwa kuwa unasema uko huko. Ukiwa hupo, atasomewa na mchungaji, neno kwa neno. Msalimie pia shangazi, na akina mama wote waliokuja kunifariji. Waambie nimeshika kazi na mtoto anakula vizuri.

Koti sikudai, nililitoa kwa moyo. Naomba tu usilivae tena huku. Tangu Alhamisi, kila nikitia komeo mlangoni, Becky huamka na kulitoa. Anasema baba hana ufunguo.

Ni mimi, mke wa kaka yako,
Namalwa