Na Wale wa Kwenye Basi?

Mombo

Mwanangu Zaina,

Assalaam aleikum. Bibi yako mfikishie shikamoo yangu, umuulize goti limetulia au bado linamsumbua. Kaka yangu, mjomba wako Rajabu, shikamoo yake. Shangazi yako Mwanaidi na mapacha wake hawajambo? Na mdogo wako Hamza, kikohozi kimeisha? Nawe mama yangu, unakula? Mimi mwili mzima, ila uso sina.

Simu naishika, naiweka chini. Aibu, mwanangu. Afadhali karatasi, haitanitazama.

Nimepigana. Hapa hapa stendi, mchana, abiria wanaona. Nimepigana na Mama Shemweta, yule Msambaa wa Kwashemshi anayeuza mapeasi, mtani wangu wa kila siku. Basi la kutoka kwetu Handeni lilisimama, nikainua beseni langu la mahindi dirishani, naye akapaza sauti: "Msinunue kwa Mzigua huyo! Hata binti yake anamwoza hajaiva, kama mahindi yake!"

Ulikuwa utani, siku zote tunasemana hivyo. Lakini aliposema binti nikakuona wewe na posa yako. Nikamrukia. Mahindi chini, mapeasi chini, kanga yangu ikabaki mkononi mwake. Ndipo nikasikia juu dirishani: "Jamani! Si mama yake Zaina yule?" Kuinua macho, ni mama wa mchumba wako. Akavuta dirisha, akalifunga.

Polisi wakatuchukua wote wawili. Huko mahabusu Mama Shemweta akanifunga kanga yake mwenyewe. "Mtani, umenitwanga kama kisamvu," akasema. Tukacheka, kisha tukalia.

Mbele ya hakimu tukasema sisi ni watani, tumeshasameheana. Hakimu, mwanamke wa umri mdogo tu, akatuuliza: "Mmesameheana nyinyi. Na wale wa kwenye basi?" Akatueleza kwamba kosa letu linaitwa kupigana hadharani. Waingereza wana neno lao la sheria, walilitoa kwa Wafaransa zamani sana, na asili yake ni kutia watu hofu. Ndiyo maana hakutaka kusikia nani kaanza. Alitaka tumfikirie aliyetishika. Akatupa onyo, tukatoka. Neno lenyewe limenitoka, maana yake haijanitoka.

Basi mwambie mjomba wako aende kwa wakwe, lakini asiende kunitetea. Aseme tu, mama yake Zaina amewatisha, anaomba radhi. Mkono ule ulikuwa wangu. Wewe hujawahi hata kumfokea mbuzi, wasije wakakuhesabia kosa langu.

Mama Shemweta anakusalimu. Anasema mapeasi ya harusi atayaleta yeye, kama harusi ipo.

Mshenga amekuja au hajaja? Mpe jibu konda huyu huyu aliyekuletea barua, upesi, mwanangu, hata likiwa baya. Basi la kwetu likisimama siku hizi nauzia upande wa pili, madirisha siyatazami.

Ni mimi mama yako,
Mwanahawa