Wimbi la Kiini cha Dunia na Mkono wa Mjomba

Jumamosi. Ukungu haujaondoka hapa Kilungu tangu asubuhi.

Leo nimemvunja mjomba Kioko mkono. Naandika kabla sijauzoea uongo wangu.

Mwaka mzima mashine ya kupima mitetemo imekaa kwenye pipa nililolifukia katika shamba la nyanya yangu, Susu. Tetemeko kubwa likitokea upande wa pili wa dunia, mawimbi yake hupita katikati kabisa, kwenye kiini cha chuma kigumu ambacho hakuna atakayekifikia kwa jembe wala mtambo. Yakifika huku ndiyo yanatueleza kiini kimekaaje. Mashine ni ya chuo, inarudi Jumatatu, na nilikuwa sijapata hata tetemeko moja la kunifaa.

Saa tatu simu ikalia: Pasifiki imetetemeka vibaya. Mawimbi huchukua kama dakika ishirini kutufikia, na tisa zilishapita. Nikakataza kila mtu kusogea, hatua zisichafue rekodi, hata ng'ombe nikamfukuza.

Ndipo mjomba akaja na nyundo ya kuvunjia mawe. Wiki jana nilimwaga zege kushikilia mlingoti wa antena ya mashine, na kwetu zege shambani lenye chuma juu ni kitu kimoja tu: bikoni, alama ya mpaka ya anayejigawia ardhi.

"Umeniwekea bikoni kwa shamba ya baba yangu? Wewe, mtoto wa dada yangu?"

Akapiga, vipande vikaruka. Nikamshika shati, akanisukuma nikala udongo, akaendelea kupiga. Susu akatoka jikoni akilia, "Kioko, wacha! Ni mimi nilimpea hiyo nafasi!"

Nikainuka na mpini wa jembe. Nikampiga mkononi, mfupa ukalia kama kuni kavu. Akaanguka kwa magoti. Nikampiga tena.

Nilitaka afe.

Hospitalini niliwaambia jamaa kwamba nilikuwa najikinga, kwamba alikuwa bado anashusha nyundo. Susu, aliyeona yote, alitoka nje. Wakaniamini kwa sababu mimi ndiye msomi wa familia.

Jioni nimefungua rekodi. Pipa lilipona. Mapigo ya nyundo yanaonekana, mistari mirefu, kisha yanakatika. Kimya. Na ndani ya kimya hicho wimbi kutoka kiini limefika, safi kuliko lolote nililowahi kuona kitabuni. Baada yake, kishindo: magoti ya mjomba yakigonga ardhi.

Kati ya nyundo ya mwisho na magoti yake kuna nusu dakika nzima. Aliacha alipoambiwa. Nilikuwa na muda wa kuinuka, kutafuta mpini na kuchagua pa kupiga.

Asingeacha, nisingelipata wimbi hilo. Sekunde zinazofuata naweza kuzikata, na hakuna mtu chuoni atakayejua. Nimezikata mara mbili, nikazirudisha mara mbili.

Kesho baada ya ibada ukoo unaketi kumhukumu mjomba. Nitaenda na rekodi yote kwenye karatasi, bila kukata hata sekunde. Nitawaonyesha kwa kidole alipoacha yeye, kisha nilipoanza mimi.